Rampu mmeshajenga, sasa nani anaamua? Haki za watu wenye ulemavu kwa kirefu

Ukianzisha mazungumzo ya haki za watu wenye ulemavu, dakika tano haziishi watu wameshafika kwenye rampu, ile njia ya mteremko inayowekwa badala ya ngazi. Jengo lina rampu? Lina. Basi tumemaliza, tupige picha tuondoke. Sisemi rampu sio muhimu, ni muhimu sana na nitairudia hapa chini maana hata hiyo yenyewe mara nyingi inajengwa hovyo, ila kwenye hii mada kuna mambo kadhaa yamefungwa pamoja na watu wanayabeba kama mzigo mmoja, matokeo yake mtu anadai hiki anapewa kile, na aliyempa anaona kashatenda wema mkubwa sana.

Na sio kikundi kidogo tunachokiongelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani karibu mmoja kati ya kila watu sita, wana ulemavu ulio mkubwa kiasi cha kuathiri maisha yao. Ukiona mahali takwimu zinasema ni asilimia moja au mbili, mara nyingi shida iko kwenye swali lililoulizwa. Ukimfuata mtu mlangoni kwake ukamuuliza "je, nyumba hii ina mlemavu?" wengi watasema hapana, wengine kwa aibu, wengine kwa sababu bibi haoni vizuri lakini kwao huo ni uzee tu. Ndio maana tangu 2001 kuna kikundi cha wataalamu wa takwimu kinaitwa Washington Group, wao wakaja na maswali sita mafupi: una shida ya kuona hata ukivaa miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Neno ulemavu halitajwi kabisa na watu wanajibu bila kona kona.

Sasa tuje kwenye mzizi. Kwa muda mrefu sana ulemavu ulichukuliwa kuwa ni suala la daktari au la sadaka, yaani tatizo liko ndani ya mwili wa mtu, akitibika vizuri, asipotibika tumhurumie. Mwaka 1976 kikundi cha watu wenye ulemavu wa viungo kule Uingereza, UPIAS, kikaweka kwenye maandishi hoja iliyopindua meza: mwili wangu uko hivi ulivyo, lakini kinachoninyima kazi, shule na usafiri ni jinsi jamii ilivyojipanga. Mmoja wa vichwa vya kikundi hicho alikuwa Vic Finkelstein, mtu wa kiti mwendo kutoka Afrika Kusini ambaye alishafungwa kwao kwa kupinga ubaguzi wa rangi, na ukijua hilo unaelewa kwa nini aliangalia ngazi za jengo akaona siasa. Miaka ya 80 Mike Oliver akaipa hoja hiyo jina la mtazamo wa kijamii na ikasambaa.

Kuna watu walioikosoa wakiwa ndani ya harakati hizo hizo na mimi nadhani wana pointi. Maumivu ya mgongo hayaondolewi na sheria, uchovu wa ugonjwa wa kudumu hauishi kwa sababu jengo limewekewa lifti. Kwa hiyo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006 ukachukua njia ya kati, kwamba ulemavu unatokana na mwingiliano kati ya hali ya mtu na vizuizi anavyokutana navyo, viwe ngazi, sheria au mitazamo ya watu. Inaonekana kama nadharia ya darasani lakini ndio inayoamua unadai nini na unamdai nani. Kama tatizo ni mwili, unaenda kumwomba mfadhili. Kama tatizo ni ngazi, unaenda kumuuliza aliyepitisha ramani ya jengo.

Hapo ndipo huruma inapoharibu mambo. Zile video za "ona huyu hana mikono lakini anafaulu, wewe una kisingizio gani" zinapendwa sana na zinasambaa kweli kweli, ila zinamfanya mtu mwenye ulemavu kuwa dawa ya kuamsha morali ya wengine, na zinaficha swali la msingi kwamba kwa nini alilazimika kuhangaika hivyo. Stella Young, mwandishi na mchekeshaji wa Australia aliyetumia kiti mwendo, alilisema vizuri mwaka 2014, kwamba kuzitabasamia ngazi hata ufanyeje hakujawahi kuzigeuza rampu.

Haya, rampu. Hapa watu wanachanganya vitu viwili ambavyo kisheria ni tofauti kabisa, ufikivu na marekebisho ya kuridhisha, na nakuomba utulie hapa kidogo maana kesi nyingi na ugomvi mwingi maofisini unaanzia kwenye huu mkanganyiko.

Ufikivu ni wajibu wa kabla. Unajenga jengo, unatengeneza tovuti, unanunua mabasi, unaandaa uchaguzi, unatakiwa uwe umeshafikiria watu wa aina zote kabla hata mmoja hajafika mlangoni, na huruhusiwi kusema "lakini hapa hajawahi kuja mtu wa kiti mwendo". Bila shaka hajaja, ataingilia wapi? Marekebisho ya kuridhisha ni kitu kingine, ni ya mtu mmoja aliyeko mbele yako sasa hivi na hitaji lake maalumu ambalo ufikivu wa jumla haukuligusa: mfanyakazi mwenye kifafa anaomba asipangiwe zamu za usiku, mwanafunzi mwenye usonji anaomba afanyie mtihani chumba chenye utulivu, karani ambaye macho yake yanapungua anaomba skrini kubwa. Hapo mwajiri anatakiwa akae naye waongee, na anaweza kukataa pale tu mzigo ukiwa mkubwa kupita kiasi ukilinganisha na uwezo wake, na ni yeye anayetakiwa kuuthibitisha, haitoshi kusema "bajeti hairuhusu" halafu ukafunga faili. Chini ya mkataba, kumnyima mtu marekebisho ya kuridhisha bila sababu hiyo ni ubaguzi, sawa na kumwandikia barua kwamba hatutaki watu kama wewe.

Ujanja unaofanyika sasa ni kuchukua la kwanza na kulifanya la pili. Taasisi haina mlango wa kupitika, mtu analalamika, wanamwambia "ukija tupigie simu vijana watakubeba." Wameugeuza wajibu wa kabla kuwa fadhila ya mtu mmoja mmoja, na huyo mtu kila siku aanze upya kuomba abebwe kama gunia.

Na hata pale wanapojenga, angalia kwa karibu. Kipimo kinachotumika sana cha rampu ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45 kwenda juu, kwa hiyo rampu inatakiwa iwe na mita 5 na sentimita 40, tena na sehemu tambarare pale juu ili mtu asimame afungue mlango bila kurudi nyuma. Kinachojengwa ni kimteremko cha mita moja na nusu kilichokaa kama ubao wa kuteleza, mwenye kiti mwendo akijaribu kupanda peke yake magurudumu ya mbele yananyanyuka na anapinduka kichali, akifanikiwa kufika juu mlango wenyewe unavutwa kwa nje na unamgonga magoti. Akipita huo mlango anakuta choo chenye alama nzuri kabisa kimegeuzwa stoo ya ndoo na mafagio, ufunguo anao mlinzi na mlinzi leo ni ofu. Kwenye ripoti ya mwaka imeandikwa: jengo ni rafiki kwa watu wenye ulemavu.

Mitandaoni ni hivyo hivyo ila haionekani kwa macho. Mtu asiyeona anatumia simu ile ile kama yako, ina programu ya kusoma skrini inayomtamkia kila kitu anachogusa. Akifungua fomu ya kuomba kazi ambayo vitufe vyake havikupewa majina anachosikia ni "kitufe, kitufe, kitufe, picha", hajui kipi ni tuma na kipi ni futa. Tangazo likiwa limepigwa picha karatasi yenye mhuri likapandishwa kama picha, kwake ni ukurasa mtupu. Kurekebisha hivyo ni kazi ndogo tu kwa aliyetengeneza, kuandika maneno machache nyuma ya kitufe na kuweka maandishi halisi badala ya picha, ila kwa sababu hakuna asiyeona aliyeshirikishwa kuijaribu hiyo fomu kabla haijatoka, hakuna aliyejua kama kuna tatizo. Usiku wa mwisho wa kutuma maombi mtu anaanza kutafuta wa kumsomea, huku anatakiwa aweke nywila na namba za kitambulisho chake mbele ya huyo msaidizi.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo naona wengi wetu tunairuka, na kwangu ndio moyo wa habari yote: nani ana haki ya kuamua.

Kwenye nchi nyingi mtu mwenye ulemavu wa akili au wa kisaikolojia anaweza kuvuliwa uwezo wake wa kisheria. Mahakama inamteua msimamizi, na kuanzia hapo sahihi yake haina maana, hawezi kufungua akaunti, kuuza shamba lake, kuoa au kuolewa, kukataa dawa, kuchagua akae wapi, wakati mwingine hata kupiga kura. Bado anaishi lakini kisheria ni kama mtoto wa milele. Na sio lazima pawe na mahakama, kuna usimamizi usio na karatasi ambao uko kila mahali: daktari anamwangalia aliyemsindikiza mgonjwa na kumuuliza "anaumwa wapi?" wakati mgonjwa mwenyewe amekaa pale pale anamsikiliza, au karani wa benki anamwambia kiziwi arudi na ndugu anayesikia ili "aelewe vizuri" mkataba wa mkopo wake mwenyewe, na familia inakaa kikao kuhusu uzazi wa binti yao mwenye ulemavu wa akili, binti akiwa chumba cha pili.

Kifungu cha 12 cha mkataba kinasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha, na serikali zina wajibu wa kuwapa sapoti wanayohitaji ili kuutumia. Kwa maneno mepesi, badala ya kumwondoa mtu kwenye kiti cha maamuzi na kumweka mwingine, unamwacha pale pale na unamwekea watu na njia za kumsaidia kuelewa, kupima na kueleza anachotaka. Mwaka 2014 kamati inayosimamia mkataba ikatoa ufafanuzi kwamba kipimo kisiwe tena "kipi ni bora kwake" kwa macho ya wengine, kiwe ni utashi na matakwa yake yeye, na hata pale ambapo haiwezekani kabisa kujua anataka nini basi itafutwe tafsiri bora ya matakwa hayo kutokana na maisha yake na watu wanaomfahamu.

Ni kifungu kigumu, tusidanganyane. Kanada iliridhia mkataba huku ikijiwekea nafasi ya kuendelea na maamuzi ya niaba, yaani mwingine kumwamulia mtu, kwenye mazingira fulani, Australia nayo ikatoa tamko la namna hiyo. Familia nyingi zinauliza swali la haki kabisa, je akitapeliwa? Jibu langu ni kwamba hata sisi tunaojiona timamu tunatapeliwa kila siku, tunasaini mikopo ya ajabu, tunaoa watu tulioonywa kuhusu wao, na hakuna anayetuvua utu wetu wa kisheria kwa sababu hiyo. Ulinzi dhidi ya utapeli unatakiwa uwepo na uwe mkali, ila umlenge tapeli. Peru ilibadilisha sheria zake mwaka 2018 ikaachana na usimamizi wa aina hiyo kwa watu wazima wenye ulemavu, Kolombia ikafuata 2019. Uswidi wana mpango wa msaidizi binafsi kwa watu wenye changamoto kubwa za afya ya akili, ambapo huyo msaidizi anafanya kile tu ambacho mtu mwenyewe amemtuma, anatumia muda mrefu kujenga kuaminiana kwanza, na hafanyi kazi kwa niaba ya hospitali wala ndugu. Kwa hiyo anayekwambia haiwezekani mwambie kuna watu wanafanya.

Swali la nani anaamua ndilo linalofungua pia ugomvi wa elimu jumuishi. Kwa ujumla msimamo wa mkataba uko wazi, watoto wasitengwe kwenye shule za pembeni kwa sababu ya ulemavu, na kumwingiza mtoto kwenye darasa la kawaida bila kubadilisha chochote hakujawa ujumuishi, hapo umemhamisha tu kiti. Lakini viziwi wana jambo lao ambalo watetezi wasio viziwi hulikosea sana. Mtoto kiziwi akiwekwa peke yake kwenye darasa la watoto hamsini wanaosikia na mwalimu asiyejua lugha ya alama, karatasi zinasema yuko shule jumuishi, ukweli ni kwamba yuko mpweke kuliko popote, na mbaya zaidi anapita ile miaka ambayo ubongo unachukua lugha bila kupata lugha yoyote kikamilifu. Ndio maana kifungu cha 24 kinataka viziwi, wasioona na viziwi wasioona wafundishwe kwa lugha na njia zinazowafaa, mahali ambapo watakua kitaaluma na kijamii, na jumuiya nyingi za viziwi zinatetea shule zenye lugha ya alama kwa nguvu zote.

Wana sababu ya kutowaamini wataalamu pia. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi ulikaa Milano, Italia, wajumbe karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapiga kura kwamba kusema kwa mdomo ni bora kuliko lugha ya alama na lugha ya alama iondolewe mashuleni. Vizazi vya watoto vilifungwa mikono darasani, walimu viziwi wakapoteza kazi. Ilibidi kusubiri hadi 2010, kwenye mkutano wa Vancouver, ndipo warithi wa mkutano ule wakayakataa maazimio hayo hadharani na kueleza kusikitishwa kwao. Miaka 130 kwa sababu ya kura iliyopigwa na watu ambao lugha ile haikuwa yao.

Kingine kinachochanganya watu ni sheria yenyewe. Tunashangilia sheria ikipita halafu tunarudi nyumbani. Marekani mwaka 1973 ilipitisha sheria yenye kifungu cha 504 kilichokataza ubaguzi wa watu wenye ulemavu kwenye chochote kinachopokea pesa za serikali kuu, sentensi moja nzuri, ila bila kanuni za utekelezaji hakuna aliyewajibika, na kanuni zikakaa miaka minne bila sahihi ya waziri. Aprili 1977 watu wenye ulemavu wakaingia kwenye ofisi ya serikali San Francisco wakakataa kutoka kwa zaidi ya wiki tatu, wengine wakiwa wameacha nyumbani dawa na wasaidizi wao. Simu zilipokatwa viziwi wakapitisha ujumbe madirishani kwa lugha ya alama, na Black Panther, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, wakawaletea chakula cha moto kila siku. Tarehe 28 Aprili kanuni zikasainiwa. Mmoja wa walioongoza alikuwa Judith Heumann, ambaye utotoni shule ilimkataa kwa madai kwamba kiti chake ni hatari moto ukitokea, na alipokua mamlaka za New York zikamnyima leseni ya ualimu, akazishitaki.

Halafu nchi hiyo hiyo, yenye sheria kubwa ya 1990 ya kukataza ubaguzi wa watu wenye ulemavu ambayo wengi duniani waliiga, imesaini mkataba wa Umoja wa Mataifa lakini haijauridhia, mwaka 2012 kura za Seneti zilikuwa 61 kwa 38 na zilihitajika theluthi mbili. Nchi zaidi ya 180 zimeridhia. Afrika nayo ina itifaki yake iliyopitishwa 2018 ikaanza kufanya kazi 2024, ambayo inagusa mila zenye madhara na mauaji ya watu wenye ualbino kwa namna ambayo mkataba wa dunia haukuyagusa.

Kwa hiyo ukiwa unatetea, achana na swali la "je, kuna sera?" maana jibu karibu kila mahali ni ndiyo. Uliza kanuni zimetoka lini, fungu liko kwenye mstari gani wa bajeti, nani anakagua, na asiyetekeleza anafanywa nini. Halafu uliza nani amekaa mezani. Kifungu cha 4 cha mkataba kinazitaka serikali kushauriana na watu wenye ulemavu kupitia mashirika yao wenyewe, na kamati ilifafanua mwaka 2018 kwamba mashirika hayo ni yale yanayoongozwa na wenye ulemavu, hayalingani na yale yanayotoa huduma kwao yakiongozwa na wengine. Wanafunzi wa Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi Washington, walilijua hilo mapema: chuo kilianza 1864, na mpaka 1988 hakikuwahi kuwa na rais kiziwi hata mmoja, bodi ilipomchagua tena mtu anayesikia asiyejua lugha ya alama wakafunga mageti kwa wiki nzima. Wakampata I. King Jordan, rais wa kwanza kiziwi, na wakadai zaidi ya nusu ya bodi iwe ya viziwi.

Wewe usiye na ulemavu unayetaka kusaidia, mara nyingi kazi yako ni ndogo na inachosha: kuhakikisha taarifa ya kikao imetoka mapema ili mkalimani wa lugha ya alama apatikane, tena wawili wapokezane maana mmoja hawezi kutafsiri siku nzima, nyaraka zitumwe zikiwa zinasomeka na programu za kusoma skrini, nauli ya msaidizi iwe kwenye bajeti, na mtaalamu mwenye ulemavu uliyemwita atoe mada alipwe kama unavyomlipa mshauri mwingine yeyote badala ya kupewa cheti na soda. Na mwandishi wa habari akikufuata wewe kwa sababu ni rahisi kukuhoji, mwelekeze kwa aliyekaa pembeni yako.